Waembera wanaandika b mbili, na moja ni ile unayoitamka kila siku ukisema "baba"

#1 Baharia wa Pangani

Wakuu, salaam. Kabla hujaendelea kusoma, gusa koo lako kwa kidole, pale kwenye zoloto, halafu sema "baba" taratibu, kama unamwita mzee aliye chumba cha pili. Utahisi zoloto linateremka kidogo na hewa inavutwa ndani kabla midomo haijaachana. Sasa sema "mbuzi". Zoloto limetulia, b hiyo inatoka nje moja kwa moja. Jaribu tena kwa "dada", kisha "ndizi". Ni vile vile.

Tuna b mbili na d mbili vinywani mwetu, na wengi tunazeeka bila kujua. Mimi nilionyeshwa na mwalimu mmoja wa Kiembera, kwenye mto Chagres, Panama.

Mwaka 2014 nilikuwa kwenye meli ya mizigo. Mashine iliharibika tukakaa bandari ya Balboa, Panama, karibu wiki tatu kusubiri vipuri. Siku moja ya mapumziko mimi na mwenzangu tulikwenda hadi ziwa Alajuela, tukapanda piragua, ile mitumbwi yao mirefu ya gogo moja yenye mashine nyuma, mpaka kijiji cha Parara Puru. Watalii wengi hufika pale kuona ngoma na kununua vikapu. Mimi nilivutwa na daftari. Nyumba zao zimeinuliwa juu ya nguzo, na chini ya mojawapo alikaa mtoto anaandika maneno kwa penseli. Baadhi ya b zake zilikuwa na kimstari kilichokatiza shingoni. Nikadhani anafuta makosa. Mwalimu wake, bwana wa makamo, akaniambia kwa Kihispania kwamba hiyo ni herufi kamili, akanitamkia zote mbili, yenye mstari na isiyo na mstari.

Nikamwambia hiyo ya mstari tunayo kwetu. Akataka nimtajie neno. Nikasema "baba". Akachukua penseli ya mtoto, akaandika ƀaƀa. Nikasema "mbuzi", akaandika b tupu. "Dada": đađa. "Ndizi": d bila mstari.

Yule bwana hakujua neno hata moja la Kiswahili. Alisikia tu, kwa sababu lugha yake imemzoesha kusikia. Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata juu ya Kiembera na namna kinavyoandikwa, na nimeona niwaletee hapa.

Kwa ufupi, Waembera wako mashariki mwa Panama, hasa Darién, na magharibi mwa Kolombia: Chocó, Antioquia, Córdoba, Risaralda, kushuka hadi Cauca na Nariño, na wachache wako Esmeraldas kule Ekuador. Sensa ya Panama ya 2010 ilihesabu Waembera zaidi ya 31,000. Kolombia, sensa ya 2018, Waembera Chamí, tawi moja tu, walizidi 77,000, mbali na tawi la Wakatío na mengineyo. Lugha yao na ile ya jirani zao Wawounaan ni ndugu, zinaitwa familia ya Chocó. Wenyewe hujitambulisha kwa mahali: Dobida ni watu wa mtoni ("do" ni mto), Eyabida ni watu wa milimani.

Ukiona kwenye ramani jina la lugha hii limeandikwa namna tano au sita, usidhani ni uzembe. Kila namna ina sababu yake ndani ya sauti, na hiyo ndiyo ninayotaka tuijadili. Karibuni.

#2 Mwanafunzi Daima

Nimejaribu hapa ofisini, jirani ananiangalia. Ni kweli kabisa! Sasa mkuu, kama sisi tunazo zote mbili, mbona herufi ni moja?

#3 Baharia wa Pangani

Kwa sababu kwetu mahali panaamua. Ikitanguliwa na m au n, b na d zinatoka nje: mbuzi, mbali, ndizi, ndani. Isipotanguliwa, inameza hewa: baba, bado, dada, dawa. Huwezi kupata maneno mawili ya Kiswahili yanayotofautiana kwa hilo tu, kwa hiyo msomaji hahitaji kuambiwa. Kwa Waembera wa kaskazini (Darién, na Wakatío wa Antioquia na Córdoba) zote mbili zinaweza kuanza neno, zinaweza kukaa katikati ya irabu, na maana inabadilika. Hapo herufi moja haitoshi.

Jambo la pili ni irabu. Sisi tuna tano. Wao wana sita za kinywani, na kila moja ina pacha wake wa puani, jumla 12. Hiyo ya sita huandikwa ʉ. Ili kuipata, weka ulimi kama unataka kusema "u", lakini midomo usiiviringe, iache imelala kama unasema "i". Zile za puani huandikwa kwa kiwimbi juu: ã, ẽ, ĩ, õ, ũ, ʉ̃.

#4 Binti wa Nyeri

Habari zenu. Mimi nikiona ũ na ĩ macho yanakimbilia nyumbani. Gĩkũyũ tunaandika hivyo hivyo, lakini kwetu kiwimbi hakihusu pua. Ũ yetu iko kati ya u na o, ĩ iko kati ya i na e. Nimesoma orodha yako ya irabu kwa sauti, nikaisoma yote Kikuyu! Alama ni ile ile, kazi tofauti kabisa. Swali langu: kwa nini jina lenyewe lina m, "Embera", na hapo juu hujaitaja m ya Kiembera popote?

#5 Baharia wa Pangani

Dada, umegusa penyewe.

Kaskazini neno ni ẽberã, maana yake mtu. Herufi ya kwanza ni e ya puani. Ukitoka kwenye irabu ya puani kuingia b, pua inachelewa kufunga, na katikati pale kunasikika m ndogo. Mhispania alisikia "embera", akaandika Embera, baadaye akaweka mkazo mwishoni, Emberá. Mwenyewe anayeandika ẽberã haandiki m kwa sababu hajaiweka, imekuja yenyewe. Ukitaka wengi unaongeza -rã: ẽberãrã, watu.

Sasa nenda kusini, pwani ya Pasifiki ya Cauca na Nariño. Kule wanajiita Eperara Siapidaara, na lugha yao Epena Pedee. B imekuwa p. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani ni jamii nyingine kabisa. Halafu nikaanza kupanga maneno mawili mawili:

mtu: kaskazini ẽberã, kusini epera
lugha, maneno: kaskazini beđea, kusini pedee
Mungu: kaskazini Ãkõrẽ, kusini Akhõre

Yatazameni vizuri. Penye b tupu kaskazini, kusini kuna p. Penye đ ya kumeza, kusini kuna d ya kawaida. Penye k, kusini kuna kh, yaani k yenye pumzi. Ngazi ni ile ile ya vidato vitatu, ila upande mmoja umesimama kidato kimoja juu ya mwenzake. Kaskazini vidato ni p, b, ƀ. Kusini ni ph, p, b. Lugha zimeachana lakini zimeachana kwa mpango, na mpango huo unauona kwa sababu tu kila upande umeandika sauti zake kwa uaminifu. Mtu angefuta vile vimstari na zile h, akaandika bedea na Akore, usingeona kitu.

Hili lilinikosesha usingizi usiku mmoja mzima baharini, nasema kweli. Nilikuwa zamu ya saa nane usiku na nilikuwa nayatamka maneno hayo matatu peke yangu kwenye daraja la meli.

#6 Mswahili wa Kibokoni

Assalam aleykum. K yenye pumzi si ngeni kwetu Mombasa. Kimvita tunatofautisha "paa" la nyumba na "paa" mnyama: wa pili ana pumzi. "Kaa" la moto halina pumzi, "kaa" wa baharini anayo. Wazee wetu wakisikia mtu anachanganya wanajua hapo hapo si wa hapa. Lakini nikitazama vitabu vya shule, vyote vimeandikwa sawasawa. Mwanangu amesoma Kiswahili miaka minane, anapata alama nzuri, na hiyo pumzi hana.

#7 Kipanga

Sikubaliani na mwanzisha uzi kwa jambo moja. Kiunguja kilichaguliwa 1928, kamati ya lugha ya 1930 ikakisanifisha, pumzi haikuandikwa, na Kiswahili kimeenea kutoka pwani hadi Kongo. Msomaji anajua kutokana na sentensi kama ni paa la nyumba au paa wa porini. Kwa nini mtoto wa Kiembera abebeshwe ƀ, đ, ʉ̃ ambazo hata simu nyingi hazina? Mrahisishie aandike kwa herufi za kawaida, lugha itaishi.

#8 Baharia wa Pangani

Kipanga, hoja yako ni nzito na hata kwao ipo. Wako wanaoandika bedea, bila mstari, na wanaelewana.

Lakini tazama nani anayesoma. Mtu mzima aliyelelewa ndani ya lugha anaweza kusoma hata ukimnyima nusu ya herufi, sauti iko kichwani mwake tayari. Mwone mtoto ambaye familia yake imefukuzwa na watu wenye silaha huko Chocó au Risaralda, wakaishia Bogotá. Mwaka 2021 mamia ya Waembera waliweka mahema ya plastiki ndani ya Parque Nacional, katikati ya jiji, na wengine wakakaa pale miezi mingi. Mtoto huyo asubuhi hadi usiku anasikia Kihispania. Kihispania hakina b ya kumeza, hakina ʉ, hakina irabu ya puani inayobadili maana. Ukimpa karatasi imeandikwa kwa herufi za Kihispania tupu, ataisoma Kihispania. Ndugu yetu wa Kibokoni ameshatuambia mwanawe ana alama nzuri na pumzi hana. Pale Mombasa mtoto bado anaweza kuisikia kwa bibi yake.

Na Kiswahili kilikuwa na nguvu ya kuenea. Biashara, shule, serikali, redio, vyote vilikibeba. Kiembera hakina hata kimoja cha hivyo kwa ukubwa huo.

#9 Mswahili wa Kibokoni

Niongeze hapo. Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwalimu Sikujua bin Abdalla, yule aliyehifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji na kufanya kazi na mmisionari Mwingereza Taylor hapa Mombasa, aliongeza alama kwenye herufi za Kiarabu ili zibebe Kimvita ipasavyo. Alifariki 1890. Kazi ilikuwa imeshafanyika, hati za Kilatini zilipokuja kushika shule haikufuatwa. Kwa hiyo nikimsoma huyo mwalimu wa Chagres na penseli yake, moyo unaniuma kidogo na pia unafurahi.

#10 Mama Harare

Hodi. Mimi ni Mnyamwezi, nimeolewa Harare mwaka wa 22 huu. Kishona kina kitu hicho hicho cha b mbili na wao wamekipitia kwa machozi. Mwaka 1931 Profesa Doke alipendekeza herufi maalumu, ɓ na ɗ, kwa zile za kumeza. Zikatumika, zikachapwa vitabuni, lakini hazikudumu, mwaka 1955 zikaondolewa. Baadaye wakapata njia nyingine: ya kumeza ibaki b, na ile nyingine iandikwe bh. Kwa hiyo "badza" ni jembe, b ya kumeza, na "bhazi" ni basi la abiria. D nayo ina dh. Watoto wangu wanaandika hivyo kwenye simu bila shida yoyote. Kwa nini Waembera wasitumie h na wao?

#11 Baharia wa Pangani

Mama Harare, asante sana, hili sikulijua kwa undani huo.

Kuhusu h: kusini imeshashikwa. Kule ph, th na kh ni pumzi. Ukiandika bh kaskazini kwa maana nyingine, Mwepera akiokota karatasi ya Mkatío atasoma kitu kingine. Tayari wametenganishwa na mipaka ya nchi tatu, h yenye kazi mbili ingewaongezea ukuta.

Hapo kuna jambo lingine linaloniuma. Mstari kwenye ƀ na đ, kiwimbi, c na k, mengi kati ya hayo yaliamuliwa kwanza na wageni: wamisionari waliotaka kutafsiri Biblia, na wanaisimu waliokuja kwa miaka michache. Tafsiri ya Agano Jipya ya upande wa kaskazini jalada lake limeandikwa Ãcõrẽ Bed̶ea, Neno la Mungu. Ona pale kuna c. Wazo lilikuwa mtoto akishajua kusoma Kiembera ahamie Kihispania kwa urahisi, kwa hiyo aandike c mbele ya a, o, u, na qu mbele ya e na i, kama Wahispania. Wengine, Wachamí na Waepera hasa, wameshika k kila mahali. K ni herufi moja, sauti moja, na si deni la mtu. Mimi nawaunga mkono hao wa k, ingawa najua kuna wazee waliojifunza kwa c na qu na hawataki kuambiwa leo kwamba walijifunza vibaya.

#12 Mukongo wa Portland

Jambo bandugu. Mimi ni mutu wa Bukavu, leo niko Portland, Maine. Hii uzi imenigusa ndani.

Mwaka 2019 tulipita mu ile pori ya Darién, mimi, bibi yangu na batoto babili. Siku sita kwa miguu, matope, mito, batu bengine hatukubaona tena. Mahali ya kwanza kufika yenye kuwa na batu ni Bajo Chiquito, kijiji ya Baembera juu ya mto Tuquesa. Tulikuwa tumechoka hata kuongea hatuwezi. Mama moja alitupatia ndizi za kuchemsha. Mutoto yangu mudogo alikuwa analia, ule mama akakaa chini na yeye akaanza kumuhesabia ndizi: aba, ome... Akasimama, akangojea mutoto arudilie. Mutoto akarudilia. Kisha bakatupeleka na pirogue mpaka La Peñita.

Leo ule mutoto ana miaka kumi. Kifaransa amesahau, Kiswahili anasikia tu, lakini "aba" na "ome" anakumbuka. Sikuwa najua kama ile luga iko na maandiko. Nilizani ni ya kinywa tu. Ndugu baharia, nambari zingine ni gani? Nataka nimuandikie.

#13 Baharia wa Pangani

Ndugu yangu, pole kwa mliyopitia, na nashukuru umetusimulia. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Moja ni aba, mbili ni ome (Wakatío wengi husema ume). Tano ni juesoma. Mwambie mwanao kwamba ndani ya juesoma kuna "jua", lakini si jua hili la kwetu linalochomoza. Jua ni mkono. Tano ni mkono, vidole vyote. Na asiisome j kama ya Kiswahili: hiyo j imekuja kwa njia ya Kihispania, inasomwa h. Ni "huesoma". Ndiyo maana pia mganga wao anaandikwa jaibaná na kutamkwa haibaná. Ukikutana na neno la Kiembera ndani ya kitabu cha Kihispania, jiulize kwanza nani aliandika, ndipo utajua kuisoma.

Mtoto yule anayekumbuka maneno mawili aliyopewa na mama asiyemjua, siku ambayo nyinyi wazazi hamkuwa na nguvu ya kuongea! Ningekuwa na anwani ya yule mama ningempelekea habari.

#14 Mwanafunzi Daima

Aisee. Sina la kusema juu ya hilo, ila Mungu awabariki.

Naomba nirudishe kwenye kiwimbi. Hapo juu umeandika Ãkõrẽ na viwimbi vitatu, halafu Akhõre na kimoja. Ni makosa ya kuchapa?

#15 Baharia wa Pangani

Si makosa, na una jicho zuri.

Kwenye Epena upua unatembea. Ukishafungua pua kwenye irabu moja, hewa inaendelea kupita puani kwenye silabi zinazofuata, inapita juu ya r, inaingia irabu nyingine, mpaka ikutane na konsonanti ngumu kama p, t au k inayofunga njia. Ni kama maji kwenye mfereji, yanakwenda mpaka yakute kizuizi. Basi anayeandika Akhõre ameweka alama mahali maji yanapoanzia tu. Msomaji anajua kwamba "re" inayofuata nayo itatoka puani, hakuna cha kuizuia. Mbele ya õ kuna kh, ndiyo maana a ya mwanzo imebaki ya kinywani. Anayeandika Ãkõrẽ ameweka alama kwenye kila irabu anayoisikia.

Wanaisimu wameandika sana juu ya hili la Epena, sarufi iliyotajwa zaidi ni ya Phillip Harms ya 1994. Lakini kwa mwalimu wa darasa la kwanza swali ni la kawaida kabisa: nimfundishe mtoto aweke alama moja na akumbuke kanuni, au alama zote asihitaji kanuni? Ukiweka zote, ukurasa unajaa viwimbi na mtoto akisahau kimoja anaambiwa amekosea. Ukiweka kimoja, mgeni hataweza kusoma, lakini mwenye lugha ataona ni sawa maana mdomo wake unafanya hivyo wenyewe.

M na n nazo zimo humo humo. Sehemu nyingi m ni sura tu ya b ikifuatwa na irabu ya puani, na n ni sura ya d. Sasa ukiandika neno la "mimi", mʉ̃, je kiwimbi kinahitajika wakati m yenyewe imeshakuambia pua iko wazi? Wako wanaoandika mʉ na kuishia hapo. Kwa maoni yangu hao wana haki, kwa sababu sauti imeshabebwa na m. Ila kwa ƀ na đ siwezi kukubali mstari uondolewe, pale hakuna jirani anayembebea.

#16 Fundi wa Fonti

Wakuu, mimi kazi yangu ni mambo ya kompyuta na herufi, niseme kidogo upande huo maana ndiko herufi zinakofia.

Ƀ ndogo inaweza kuwekwa kwa njia mbili. Iko ƀ moja zima, ina nambari yake kwenye Yunikodi. Na iko b ya kawaida ikifuatwa na alama ya mstari inayojibandika juu yake. Kwa macho zinafanana. Kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti. Baharia mwenyewe ameandika beđea kule juu, na alipotaja jalada la Agano Jipya ameandika Bed̶ea kwa ile njia ya pili. Tafuta moja kwenye ukurasa huu, nyingine haitatokea. Fikiria sasa kamusi nzima, au rekodi za shule, nusu zimeandikwa hivi na nusu vile.

ʉ̃ ni ngumu zaidi. Haina nambari yake moja kabisa, lazima iwe ʉ na kiwimbi cha kujibandika, na kwenye simu nyingi za bei ya chini kiwimbi kinakaa pembeni au unaona kisanduku cheupe. Na kibodi ya Kihispania ina ñ tu. Ã na õ unaweza kuzipata ukibonyeza kwa muda, ẽ mara nyingi haipo.

Kwa hiyo mtu anaandika ujumbe kwa mama yake bila alama zote. Ni kibodi iliyomchagulia.

#17 Kipanga

Nimesoma kote. Nakubali juu ya mtoto wa Bogotá, hilo sikuliwaza. Bado nauliza: serikali zao zinasemaje? Bila sheria haya yote ni mapenzi tu.

#18 Baharia wa Pangani

Sheria zipo. Panama ilianzisha Comarca Emberá-Wounaan, yaani eneo la wenyeji lenye utawala wake, kwa Sheria ya 22 ya 1983, na mwaka 2010 ikatoa Sheria ya 88 inayotambua lugha za wenyeji pamoja na alfabeti zao. Alfabeti zimetajwa, hilo ni kubwa. Kolombia katiba ya 1991, kifungu cha 10, inafanya lugha za makabila kuwa rasmi ndani ya maeneo yao, na Sheria ya 1381 ya 2010 inazilinda. Tatizo ni kwamba kila nchi inaangalia upande wake. Mtu wa Darién ana shangazi upande wa pili, wanasikilizana wakiongea, lakini vitabu vya watoto wao vinaweza kutofautiana herufi. Na mto haujui mpaka.

Nilimwandikia yule mwalimu wa Parara Puru miaka michache baadaye kupitia mwenzangu aliyerudi kule. Nilimpelekea kanga, kwa sababu mama wa pale huvaa paruma, kitambaa cha rangi kinachofungwa kiunoni, na nilipoziona mara ya kwanza nilidhani niko Tanga sokoni. Alituma picha. Kanga imetundikwa darasani, na chini ya maandishi yake ya Kiswahili ameweka kipande cha karatasi, ameandika upya yale maneno kwa namna anavyoyasikia. Kila b ambayo haikutanguliwa na m ina mstari. Hakukosea hata moja.

#19 Mama Harare

Naomba uiweke hiyo picha hapa.

#20 Baharia wa Pangani

Mama, ndani yake kuna watoto na sikuomba ruhusa, nisamehe. Nitamwomba apige karatasi peke yake.

#21 Mukongo wa Portland

Bandugu, nimemuandikia mutoto: aba, ome, juesoma. Nikamuandikia na "ƀaƀa" nikamueleza ile habari ya zoloto. Ameshika shingo yake anasema baba, baba, baba, mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza ni nini. Anataka sasa aandike jina yake kwa zile herufi. Jina iko na b na d mbele ya irabu, na n moja mbele ya d ingine. Ile d ya mwisho isipate mstari, sindiyo?

#22 Baharia wa Pangani

Ndiyo, isipate. Imetanguliwa na n.

#23 Fundi wa Fonti

Mkuu wa Portland, kwenye simu yake bonyeza b kwa muda uone. Isipotokea, nakili hii: ƀ. Na hii: đ. Nimeziweka za nambari moja moja, hazitapotea.